Darubini Juu ya Sakafu ya Mahindi

(Hotuba ya Bwana Barnabasi Makokha, Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Kanda ya Anga na Vitu Vilivyo Mbali, kwenye uzinduzi wa Kituo cha Miale ya Galaksi, Matisi, Kitale. Imeandikwa, jinsi ilivyosemwa, na Agneta, katibu wa kikundi cha akina mama walioimwaga sakafu hii ya saruji kwa mikono yao ili waanikie mahindi. Yaliyo kwenye mabano ni yale Agneta aliyoyaona na kuyasikia, na mengine ni hasira zake tu.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye naye amemtuma mtu, Mheshimiwa Chifu, Naibu wa Chifu, Naibu wa Naibu wa Chifu, ambaye cheo chake bado kinashughulikiwa, Kasisi wetu aliyetufungulia kwa sala fupi kuliko ilivyokuwa kwenye programu, waheshimiwa wenyeviti wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati ya kuunganisha kamati, wadau wote, yaani mastekholda, kutoka Kitale, Bungoma, Kimilili na kule Moi's Bridge, mshirika wetu wa maendeleo, Bwana Kimaiyo, aliyekuja na lori lake mwenyewe, walimu, na wanafunzi mlioletwa, dereva wangu Wekoye, ambaye ni binamu yangu kwa bahati tu, mabibi na mabwana, na nyinyi wengine ambao heshima yenu ilikwama kwa sababu ya uhaba wa viti: Mulembe!

(Watu wachache: "Mulembe.")

Chamgei!

("Chamgei mising.")

Vijana, niaje!

(Sauti kutoka nyuma: "Poa, lakini jua inaenda, bana.")

Asante kwa makaribisho hayo ya moto. Kabla sijaanza kusema, ningependa kusema machache, na kabla ya hayo machache ningependa kutambua, kwa unyenyekevu ambao hunishangaza hata mimi mwenyewe, kwamba kanda hii imebahatika kupata kiongozi wa aina yangu katika kipindi kigumu kama hiki cha implementesheni. Mnajua nilikotoka. Nilipokuwa Idara ya Tahadhari ya Mafuriko ya Mlimani, hapakutokea mafuriko hata mara moja mlimani. Nilipohamishiwa Idara ya Samaki wa Maji Baridi, hakuna samaki hata mmoja aliyewahi kuleta malalamiko ofisini kwangu. Ndipo wakubwa wakakaa, wakatazamana, wakasema huyu mtu hapa chini amemaliza kazi, tumpeleke juu.

(Makofi ya mtu mmoja. Ni Wekoye dereva.)

Naona pia, pale nje ya ua, akina mama wamekaa juu ya magunia yao. Nawatambua. Nimeambiwa kwamba mvua ya juzi iliwakuta shambani, kwamba mahindi yenu yana maji, kwamba mmekuja kuomba muanike hapa kabla mvua ya alasiri haijashuka kutoka Elgon kama kawaida yake. Nimeambiwa hasa na Mama Phelista Nangila, ambaye amekuja ofisini kwangu mara nyingi kiasi kwamba askari wa mlangoni sasa anamwita shemeji. Jambo lenu liko mezani. Litajadiliwa mara tu baada ya hotuba hii, na hotuba hii nimeipunguza sana.

(Mama Phelista, akiwa amesimama kwenye ua: "Mkurugenzi, hii mahindi ndio chakula ya watoto mpaka Agosti. Imeanza kunuka. Fungua gate tuanike, wewe uendelee kuongea tu.")

Mama, kila kitu kina utaratibu. Hata nyota zina utaratibu, isipokuwa hizi ambazo ndizo zimetuleta hapa leo.

Sasa tuingie kwenye mada. Ndugu zangu, huko mbali sana, mbali kuliko Nairobi, mbali kuliko hata mahali Wizara inapoweka majibu ya barua zetu, kuna makundi makubwa ya nyota yanayoitwa galaksi. Kila galaksi ina nyota nyingi kuliko punje za mahindi zilizo Trans-Nzoia na Bungoma zikijumlishwa na zile zinazodaiwa kuwa kwenye maghala. Sasa, galaksi inaweza kukaa kimya miaka na miaka, mtu mtulivu, hana neno na mtu, halafu ghafla bin vuu, pale katikati yake panawaka! Panang'aa kuliko nyota zake zote zikiunganishwa, panawaka miezi, pengine miaka, kisha panafifia polepole kama jiko la makaa lililosahauliwa. Na wanasayansi wa dunia nzima, pamoja na mashine zao na digrii zao, mingine ya miale hiyo hawajui mpaka leo inatoka wapi na kwa nini. Hawajui! Nami nasimama mbele yenu kwa fahari kutangaza kwamba sisi pia, hapa Kitale, hatujui.

(Makofi. Watu wamependa ukweli huo.)

Lakini kutojua kwetu, tofauti na kutojua kwao, kuna strateji. Tuna strateji ya awamu tano. Awamu ya kwanza ni uhamasishaji, awamu ya pili ni uhamasishaji wa wale waliohamasisha, awamu ya tatu ni wokshopu Mombasa, awamu ya nne ni ripoti ya wokshopu, na awamu ya tano, ambayo ndiyo moyo wa mradi wote, itategemea awamu ya sita. Tumefanya pia beslaini savei, yaani utafiti wa awali, kwa sababu hatuendi na uvumi. Utafiti umeonyesha kwamba asilimia mia moja ya galaksi za mbali ziko nje ya kanda yetu. Mia moja! Hali hiyo niliikuta, sikuileta mimi. Utafiti umeonyesha tena kwamba wakazi tisa kati ya kila kumi hawajawahi kuathiriwa na mwale wa galaksi, na yule wa kumi hakupatikana nyumbani.

("Alikuwa ameenda kutafuta mahali pa kuanika!" Kicheko.)

Naomba utulivu. Askari Kiptum, hebu waangalie hao.

(Kiptum anawaangalia. Magunia mawili kati ya yale yaliyo nje ni ya mama yake. Anarudisha macho chini.)

Sasa mtaniuliza, Mkurugenzi, wewe kama mtaalamu, unakisia nini? Nami sitawaficha. Wataalamu wengine wanakisia, na nasisitiza neno kukisia, kwamba katikati ya galaksi pana shimo jeusi. Shimo hilo ni zito ajabu, halionekani, halishibi, na halina simu. Linakaa tu pale katikati, kimya. Halafu nyota moja maskini, inayojiendea zake na shughuli zake, inapita karibu. Shimo linaivuta. Linainyoosha kama unga wa chapati. Linairarua. Nusu inamezwa, nusu inabaki ikizunguka pembeni huku imeshika moto kwa joto la kusuguana, na ndipo mwanga ule mkubwa unatokea. Kwa hiyo, kwa lugha nyepesi ambayo hata mwananchi wa chini ataishika: shimo likila, katikati hung'aa.

(Watu wote, kama walioambiwa, wanageuza shingo kutazama gari lake jipya lililoegeshwa pale juani. Linang'aa kweli.)

Naona mmeelewa.

(Mzee Sifuna wa duka la mbolea: "Tumeelewa sana, Mkurugenzi! Sisi ndio ile nyota!" Kicheko kirefu. Chifu anacheka, anakumbuka yeye ni nani, anaacha.)

Asante, mzee, kwa moyo huo wa umiliki wa mradi. Umiliki wa jamii ndio tunaoutaka. Na hapo ndipo ningependa kujibu wale wachache, maana hawakosekani, ambao kila nikipita Matisi hunipigia kelele ati zahanati imechelewa, ati daraja la miguu limechelewa, ati mbolea ya ruzuku ilikuja wakati mahindi yanavunwa. Ndugu zangu, kuchelewa ni nini? Mwanga tunaouzungumzia leo uliondoka kwake mabilioni ya miaka iliyopita. Uliondoka kabla ya Mlima Elgon kuwa mlima, kabla ya mto Nzoia kupata maji, na mpaka leo uko njiani, unasafiri saa zote bila kupumzika, na haujawahi kuandamana hata siku moja. Sasa wewe, uliyeahidiwa zahanati juzi juzi tu katika uchaguzi uliopita, unaona umechelewa? Kwa kipimo cha galaksi, zahanati yenu imekuja mapema mno kiasi kwamba bado haijafika.

(Wekoye anapiga makofi. Anaangalia kushoto na kulia. Anaacha.)

Nije sasa kwenye infrastrakcha. Wengi mnauliza kwa nini tulichagua sakafu hii. Wataalamu wetu walizunguka kutoka Bungoma mpaka mipaka ya Pokot wakitafuta mahali palipo tambarare, pagumu, pasipo na mti wala kivuli, panapopata jua la kutosha kuanzia asubuhi hadi jioni.

(Mwalimu Chesang wa shule ya msingi, kutoka mstari wa mbele: "Samahani, Mkurugenzi. Darubini inataka jua ya nini?")

Swali zuri sana, mwalimu. Ni swali la kiufundi, nami nitalijibu kiufundi. Jua ni nini? Jua ni nyota. Darubini ni ya nini? Ni ya nyota. Keti, mwalimu.

Wataalamu wakafika hapa, wakakuta sakafu hii iko, imekamilika, imelainishwa vizuri, wakasema, Mungu atupe nini tena? Najua akina mama mlichota mchanga huu Nzoia wenyewe, mkaubeba, mkachanganya saruji, mkamwaga. Hamkujua kumbe mnaitumikia sayansi. Hata waliochimba misingi ya mambo makubwa duniani, wengi walidhani wanachimba choo.

(Mama Phelista: "Sisi tulijua tunafanya nini.")

Na hilo hema kubwa la maturubai ya kijani mnaloliona nyuma yangu ndilo kuba la kituo. Lile bomba jeupe lililochomoza juu yake ndiyo darubini yenyewe, modeli ya kisasa, isiyotumia kioo. Ndani hamruhusiwi kuingia kwa sababu ya usalama wa data. Naomba niwaeleze kuhusu data, maana hapa ndipo wengi hupotoka. Mwale ukitoka galaksi, unaingia kwenye bomba, unashuka, unakuwa data. Data ikifika inakuwa mbichi. Data mbichi huwezi kuirundika hivyo hivyo, itapata joto, itaharibika. Lazima uitandaze nyembamba, uigeuze kwa reki asubuhi, mchana na jioni, na ukiona wingu Elgon uifunike haraka. Tumekuwa na changamoto moja tu, ya kuku. Kuku wa Matisi wameonekana mara kwa mara wakidonoa data.

(Kicheko hakiishi. Mzee Sifuna amelazimika kuketi. Jua limefika utosini na akina mama hawacheki tena. Wanatazama wingu dogo juu ya mlima.)

Chekeni, chekeni tu, teknolojia huchekwa kwanza. Lori la Bwana Kimaiyo mnaloliona pale limekuja kuisafirisha data hiyo kwenda kuchakatwa Moi's Bridge, ambako kuna vifaa. Bwana Kimaiyo, punga mkono wakuone.

(Kimaiyo anapunga. Ni mnunuzi wa mahindi. Kila mtu hapa amewahi kumuuzia, au amewahi kukataliwa naye.)

Sasa nimeona Mama Phelista anainua chupa. Ni chupa ya soda, ina punje kadhaa za mahindi na chumvi, naye anaitikisa mbele ya umati. Hebu mtazameni! Hii ndiyo ninayoita ubunifu wa wananchi! Mama ametutengenezea galaksi! Zile punje kubwa ni sayari, na ile chumvi nyeupe inayong'ang'ania kwenye kuta za chupa ni nyota zenyewe, zimetapakaa pande zote! Mwalimu, waonyeshe watoto. Mama, itikise tena!

(Wakulima wote wameguna. Hakuna mtu wa kutoka Kimilili mpaka Moi's Bridge asiyejua kipimo hiki. Unatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi yana maji. Chumvi ya Mama Phelista imeshika chupa nzima. Amefanya hivyo ili tuone, si ili yeye aone. Macho yake yamejaa machozi na hayafuti.)

Ni galaksi nzuri, mama, lakini usilie. Tutakupa cheti.

(Mama Phelista: "Sitaki cheti. Mkurugenzi, nikuulize mbele ya watu. Hiyo kitu iko chini ya turubai ni mahindi yako ama si mahindi yako?")

Mama, nimeshaeleza. Ni data.

("Nilipita hapo karibu na ua asubuhi. Turubai imepasuka. Nilitoa hii." Amefungua kiganja. Ni punje za mahindi, nene, nyeupe.)

Hizo ni sampo, yaani sampuli. Ni data ambayo imegandamana. Kitaalamu inaruhusiwa kufanana na kitu chochote, na naomba kila mtu aelewe kwamba Idara haina mahindi, haijawahi kuwa na mahindi, na mimi binafsi kama afisa wa serikali sina uhusiano wowote na nafaka ya aina yoyote iliyo ndani ya ua huu. Tuendelee. Ukurasa wa kumi na nne.

(Mama Phelista amemgeukia Kimaiyo. Hapigi kelele. Anaongea kama mtu anayeongea na jirani, lakini kila mtu anasikia: "Bwana Kimaiyo, kama si yake, basi ni sawa. Nilitaka tu kukuambia kama mwenzangu, usipakie hiyo kitu. Iko na maji. Hiyo ni mahindi ya mtu hajui kulima. Itakuozea kwa lori kabla ufike Moi's Bridge." Kimaiyo: "Ati iko na maji? Na mimi niliambiwa imekauka. Basi nirudi?" Anapanda lori lake.)

Naomba tuendelee na ukurasa wa... Mama, umesema nini?

("Nimesema iko na maji. Kwani ni yako?")

Si yangu. Lakini haina maji.

("Iko. Na ni ndogo ndogo. Hata nguruwe ya mzee Sifuna ingekataa.")

Bwana Kimaiyo, shuka kwenye lori. Shuka, usiwashe injini. Kiptum, mzuie. Sikilizeni, mimi ni mtu mpole, nimetukanwa na watu wa samaki, nimetukanwa na watu wa mafuriko, nimenyamaza. Mmelitazama gari langu kama shimo jeusi, nimenyamaza. Lakini, mama, baba yangu alilima kule Kimilili, na babu yangu alilima, na tangu wazaliwe hakuna mtu aliyewahi kusema mahindi ya nyumba ya Makokha yana maji! Maji? Mahindi yaliyokaa juu ya saruji hii wiki tatu nzima? Mahindi niliyoyasimamia mwenyewe na reki, asubuhi kabla ya kwenda ofisini na jioni nikitoka? Lete hapa hizo punje! Lete! Kipaza sauti kiko wapi? Nyamazeni wote. Nyamazeni msikie.

(Ameweka punje moja kati ya meno, mbele ya kipaza sauti. Anaing'ata. KAH! Spika zote mbili zimelia. Ndege wameruka kutoka kwenye paa la duka la Sifuna.)

Mmesikia? Mmesikia hiyo? Hiyo ni mahindi yenye maji? Ngoja nyingine.

(KAH!)

Bwana Kimaiyo, umesikia? Leteni chupa! Leteni chumvi kavu, mpya, hiyo ya mama imeloa! Wekoye, iko kwenye gari, ile ya kula mayai!

(Wekoye ameileta. Mkurugenzi anatia punje na chumvi kwenye chupa kavu ya maji yake ya mezani, anatikisa kwa mikono miwili akiwa ameinama, jasho linamtoka. Anaiinua juu ya kichwa. Chumvi yote imeshuka chini. Hata chembe haijashika.)

Tazameni! Tazameni wenyewe! Safi! Hakuna mkulima hapa mwenye mahindi makavu kama haya! Nani anabisha? Mahindi yote yaliyo chini ya turubai hilo ni hivi hivi, kutoka shamba langu la kule Moi's Bridge, hakuna punje ya mtu mwingine humo, na hakuna hata tone la...

(Mkurugenzi bado ameinua chupa. Anaitazama. Anatutazama. Anaishusha polepole.)

Kwa lugha ya kisayansi, hilo lilikuwa jaribio.

(Kimaiyo: "Basi nimeridhika. Kavu kabisa. Nipakie?" Mzee Sifuna: "Kavu! Si ni sakafu yetu ndio imeikausha!" Mama Phelista amekwenda kwenye lango. Kiptum amesimama mbele yake kwa muda wa mtu kumeza mate, kisha amelifungua mwenyewe na kubeba gunia la mama yake begani.)

Kiptum. Kiptum! Utaratibu! Akina mama, naomba tusiingie kwa haraka, bado kuna ukurasa wa kumi na tano, ambao una picha. Wale mnaovuta turubai, vuteni polepole, ni la kuazima. Msiyasogeze mahindi na koleo la chuma, yatavunjika, tumieni mbao! Pelekeni kwenye kona ile. Siyo hivyo, Chelagat, wewe umelelewa wapi, shika reki kwa mkono wa chini! Hivyo. Hivyo, sasa unaona.

(Rundo lake limesukumwa pembeni karibu na lori. Magunia yanafunguliwa. Harufu ya mahindi mabichi yaliyoanza kuharibika imejaa uwanja mzima, na sakafu inageuka nyeupe kuanzia langoni. Jua bado lipo. Nimeacha kuandika kidogo nikamwage gunia langu.)

Naona muda umetutupa mkono. Kwa hiyo nitafupisha yale yaliyobaki, na nitaingia moja kwa moja kwenye wito wa kituo chetu, ambao naomba tuutoe kwa sauti moja. Nikisema Galaksi, mseme Juu! Galaksi!

("Mahindi!")

Kitale!

("Anika!")

Bungoma!

("Anika!")

Shimo likila!

("LIMESHIKWA!" Watu wamepiga makofi wenyewe, makubwa kuliko yote tangu asubuhi.)

Nashukuru kwa mwitikio huo, ingawa haukuwa kwenye programu. Imebaki shukrani tu, nami ni mtu wa shukrani. Namshukuru fundi Wanyonyi wa mabomba, aliyetuazima ile darubini. Wanyonyi, unaweza kuipanda uitoe sasa, najua kuna watu wa Kimilili wanaingojea kwa ajili ya choo chao. Naishukuru hoteli iliyotupa kitambaa cha kufunika meza ya utafiti, na meza. Nawashukuru wanasayansi wote wa kituo hiki, ambao kwa kuwa hawakuwahi kuajiriwa, hawana madai yoyote dhidi ya Idara. Namshukuru mtoto wangu Viola wa darasa la sita, aliyenichorea ramani ya anga mnayoiona pale kwenye ua, kwa kalamu zake mwenyewe. Nawashukuru wakubwa wangu, ambao hawajui niko hapa, na ningeomba tuwaache hivyo hivyo. Nawashukuru akina mama kwa sakafu. Ni sakafu nzuri. Nasema hivi kama mkulima, si kama Mkurugenzi: sijawahi kukausha mahindi yakakauka namna hii.

Na zaidi ya wote, nazishukuru zile galaksi zenyewe, pamoja na miale yao, ambayo hakuna mtu Matisi aliyewahi kuiona, na mimi nikiwemo. Nazishukuru kwa kuwa mbali. Zingekuwa karibu kidogo tu, mtu angeuliza mapema.

Kwa hayo machache...

(Mama Phelista, ameinama na reki, anatandaza punje zake kuelekea jukwaani: "Mkurugenzi, inua mguu. Unakanyaga chakula ya watoto.")

Nimeinua, mama.

("Na ule mwingine.")

Asanteni sana.